Koti la Serikali

Siku moja kabla ya safari ile nilikuwa Shela, hapa hapa Malindi, katika nyumba ya arusi iliyojaa watu mpaka huna pa kuweka mguu. Mashangazi wawili wa bibi arusi walikuwa wakigombana kama kichwani avishwe maua ya asumini au ya vilua. Mimi nimesimama na kamera shingoni, jasho lanitoka, nawaambia, "Jamani, amueni basi, mwanga unakwenda." Nani wa kunisikia? Kila mmoja alikuwa na mama yake na bibi yake nyuma ya kusema. Mwisho wakamvisha yote mawili, maskini, na harufu ikawa kali hata bibi arusi mwenyewe akaanza kupiga chafya.

Kazi yangu ilikuwa hiyo. Wanaume hawaingii kwenye arusi za wanawake, na picha ya mwanamke aliyepambwa haisafishwi na mwanamume wa dukani, basi kina mama wa Malindi na Mambrui waliniita mimi, Zuhura wa studio. Nilipiga, nikasafisha mwenyewe katika chumba cha giza alichoniachia marehemu baba, kisha nikawapa wenyewe picha zao pamoja na filamu yake. Sikubakisha hata kipande. Ndipo wakaniamini.

Nilirudi nyumbani alasiri nikamkuta Mutiso barazani anakula viazi vya karai na Mama yangu. Mutiso alikuwa mpangaji wetu, Mkamba, kijana mrefu mwembamba, mwandishi wa gazeti moja la Nairobi. Alipokuja kwetu alisema Kiswahili cha kwao, kila kitu "hii" na "hiyo", mpaka Mama akamwambia, "Mwanangu, lugha haikukukosea kitu, mbona waipiga?" Alicheka sana siku ile. Tangu hapo akawa mtoto wa nyumbani. Jumapili alikwenda kanisani, akirudi Mama amemwekea wali wake. Habari zake alizituma kwa simu ya posta, na kwa kuwa laini ilikuwa mbovu alilazimika kupiga kelele, kwa hivyo sisi wa Malindi tulizisikia foleni nzima kabla Nairobi hawajazisikia.

Na habari zenyewe hazikuwa nzuri. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Huko bara yetu, ng'ambo ya Marafa, watu wenye bunduki walikuwa wakivamia vijiji. Mashifta, ndivyo walivyoitwa, na jina hilo lilikuwa kapu: kila mwenye bunduki asiyevaa sare alitiwa humo. Walichukua mbuzi, wakachoma nyumba, wakaua. Wakiondoka wao, wakaja askari kuwauliza walionusurika wameelekea wapi, na kuuliza kwenyewe kulikuwa kwa kitako cha bunduki. Redio ilisema hali ni shwari. Mutiso aliandika kuwa si shwari. Alikwisha kuitwa ofisi ya serikali akaambiwa achague maneno yake vizuri, naye akarudi akatuambia, "Maneno nimechagua. Ni hao wafu ambao sikuwachagua."

Jioni ile aliniambia, "Dada Zuhura, kesho twende kazi."

Serikali ilikuwa imetangaza kuwa itawapeleka waandishi wakajionee wenyewe ule ushwari. Wa Mombasa hawakuja. Akabaki yeye. Alinitaka mimi kwa sababu katika kijiji tunachopelekwa, wajane hawangesema mbele ya mwanamume mgeni, seuze kupigwa picha naye.

"Mimi mtu wa maua na hina," nikamwambia. "Vita nitavipambia wapi?"

"Hutavipamba. Hiyo ndiyo maana nakutaka."

Kisha akaniambia jambo lililokuwa likimtia wasiwasi. Yeye alitaka kukodi gari lake mwenyewe, afuate nyuma mbali, afunge kitambaa cheupe kwenye kioo, ili kila mwenye macho ajue huyu si askari. Alikwenda kuomba, akakataliwa. Akaambiwa mwandishi atakaa katika gari la serikali kwa usalama wake. Mama aliyasikia hayo, akaingia ndani kuswali.

Asubuhi afisa aliyeongoza msafara alikuja kutuchukua mlangoni. Jina lake silitaji. Alikuwa mtu wa adabu, sauti ya upole, viatu vyameta. Alimwamkia Mama, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia marahaba, lakini hakuondoka mlangoni.

"Baba," akamwuliza, "watoto hawa dhamana yao ni ya nani?"

"Ya serikali, mama. Na serikali leo ni mimi. Nitawarudisha kwa chai ya jioni."

"Ahadi ni deni."

"Ni deni, mama. Nimelikubali."

Niliyasikia kwa masikio yangu haya. Hakulazimishwa kusema.

Tulikuwa na Landrova moja mbele na lori la askari nyuma. Mbele ya Landrova walikaa dereva na afisa, nyuma mimi, Mutiso na askari mmoja mnene aliyesinzia tangu daraja la Sabaki. Mutiso alinichokoza njia nzima kwa sababu ya buibui langu. "Dada, huko ni miba mitupu, hilo buibui litabaki vichakani, utarudi uchi." Nikamwambia ashughulike na suruali yake iliyomwishia juu ya vifundo. Tulicheka. Afisa naye akageuka akacheka.

Kijiji chenyewe nitakiita Kwa Kadzungu. Tulikuta watu wamekwisha kupangwa mstari juani, wazee mbele, watoto nyuma. Mzee mmoja akatolewa akasema, kwa sauti ya mtu aliyekaririshwa, kwamba hali ni nzuri, wanaishukuru serikali. Nyuma yake nyumba zilikuwa zimeungua, nguzo zimesimama peke yake nyeusi. Mutiso akamwuliza, "Mzee, na nyumba hizo?" Mzee akamtazama afisa. Afisa akasema, "Moto wa jikoni." Nyumba zote zile, moto wa jikoni! Mimi nikasema nataka kuwapiga picha wanawake, na ni aibu kuwapiga mbele ya wanaume. Afisa akakubali. Hilo la aibu alilielewa.

Nikapelekwa nyuma ya kibanda kimoja kilichosalia. Alikuwako mwanamke jina lake Kadzo, amekaa chini, kanga imefungwa kifuani, macho makavu. Mutiso alizunguka upande wa pili, akachuchumaa nje ya ukuta wa makuti asionekane na Kadzo wala na askari. Akawa ananinong'oneza swali kupitia makuti, mimi namwuliza Kadzo, Kadzo ananijibu mimi, na sikio la Mutiso liko pale. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi.

Mume wake walimuua wenye bunduki, mlangoni, akizuia mbuzi. Walimkata kwanza kwa panga, kisha wakampiga risasi. Siku ya matanga wakaja askari. Wakamchukua ndugu yake Kadzo, wakasema anawajua mashifta. Walimrudisha baadaye juu ya mkokoteni, miguu haisimami tena.

"Wale wakija twauawa," akaniambia. "Hawa wakija twapigwa. Mulungu atuambie tukimbilie kwa nani."

Mutiso akanong'ona nimwulize kama anaogopa jina lake kuandikwa. Nikamwuliza. Akafikiri.

"Aandike," akasema. "Nimebaki na nini cha kuogopea?"

Nilimpiga picha zake, na za ndugu yake aliyelala ndani, miguu yake ile. Sijawahi kuona mguu wa mtu mzima umegeuka vile, na nilitaka kwenda kumzaba kofi yule mtu wa viatu vinavyometa. Sikwenda. Niliendelea kupiga.

Tulipotoka afisa alitungojea. "Mlikuwa mnafanya nini kule nyuma?"

"Picha za kina mama," nikasema.

Akamtazama Mutiso, makuti yamemshika magotini. Akatabasamu tu.

Mvua ilitukuta hapo hapo, mvua ya masika, haina utangulizi. Shati la Mutiso lilimganda mwilini, akaanza kutetemeka. Afisa akatoa koti nyuma ya kiti, koti zito la kijani la askari, lina beji begani, akamtupia. Mutiso akasema hapana, ahsante, hana baridi.

"Vaa, mwandishi," afisa akasema. "Ukishikwa na homa gazeti lako litaandika ni mimi niliyekuua."

Askari wakacheka. Mutiso naye akacheka kidogo, kwa haya, akalivaa. Lilimpwaya. Mimi afisa hakunipa, buibui langu lilikuwa linatosha.

Wako watu wanaoniambia afisa yule alimvisha makusudi. Mimi sisemi hivyo. Moyo wa mtu ni msitu, sikuingia ndani yake. Ninachosema ni kuwa alikuwa mtu wa vita, anajua katika vita nguo inasema nini, na Mutiso alikuwa mtu wa kalamu, hajui. Anayejua ndiye aliyepaswa kumlinda asiyejua. Hilo halihitaji shule.

Tuliondoka. Landrova mbele, lori nyuma. Njia imekuwa matope. Mutiso alikuwa akirudiarudia kwa sauti ya chini maneno ya Kadzo asiyasahau.

Tukashuka kwenye korongo, mahali njia inapobana na miba inakwaruza milango.

Risasi ya kwanza sikuijua kuwa ni risasi. Nilidhani jiwe limeruka chini ya gari.

Dereva aliinamia usukani taratibu, kama mtu aliyeangusha kitu miguuni anakitafuta. Damu ikanirukia usoni. Ilikuwa ya moto.

Kioo kikamwagika chote.

Landrova ikapanda ukingo, ikayumba, ikalala ubavu. Yule askari mnene aliniangukia. Alikuwa ananguruma. Alijivuta akatokea mlango wa juu na bunduki yake, akapiga mara moja, akarudi ndani bila taya.

Sina namna nyingine ya kulisema.

Nilitambaa nikatokea nyuma. Mutiso alikuwa amekwisha kutoka, amelala matopeni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjwa na risasi juu ya kiwiko. Mfupa ulikuwa nje ya koti.

Nikamwona afisa. Alikuwa anakimbia, kofia imemtoka, anaelekea kwenye lori. Nikapiga kelele, "Baba! Baba, sisi huku!" Nilimwita baba, kama Mama alivyomwita. Aligeuka. Wallahi aligeuka, akatuona, nilimwona akituona. Wakamvuta kwa mkono akapanda.

Lori likarudi nyuma. Askari juu yake walikuwa wakipiga risasi ovyo, hewani, vichakani, kwetu pia. Lilirudi kinyumenyume mpaka likapata pa kugeukia, likageuka, likaenda.

Kisha kukawa kimya, mvua tu.

"Livue," nikamwambia Mutiso. "Livue hilo koti."

Alitoa mkono mmoja. Mwingine haukutoka. Mfupa ulikuwa umelitoboa koti na kulishika. Nikavuta. Akapiga ukelele ambao mpaka leo nikisikia mbuzi anachinjwa naondoka hapo. Nikaacha. Nikajaribu kuing'oa ile beji kwa meno.

Walitoka vichakani wakiwa watatu. Wembamba, nguo zimeraruka, miguuni viatu vya mpira wa gari. Mmoja akasema, "Askari huyu hajafa."

"Si askari," nikasema. "Wallahi, wabillahi, si askari. Ni mwandishi wa gazeti."

Alionyesha kwa mtutu. "Na hii?"

"Wamempa. Mvua. Alikuwa anaona baridi."

Sikiliza maneno hayo yalivyo. Ya kweli yote, na nani angeyaamini?

Mutiso akasema, "Mimi mwandishi. Kitambulisho kiko hapa."

Akapeleka mkono wake mzima ndani ya koti.

Wakampiga risasi.

Watu huniuliza alisema nini mwisho. Wanataka neno, mwandishi lazima aache neno. Hakusema kitu. Walimpiga kooni, na aliyepasuliwa koo hasemi. Alipiga miguu kidogo, macho yananitazama mimi, na mimi nimemshika kichwa, damu inatoka kwa mapigo, inakuja na kukoma, inakuja na kukoma, mpaka ikawa haiji.

Yule mtu akanigeukia. Alitazama buibui langu kutoka kichwani mpaka chini, limeloa, limejaa tope na damu. "Na wewe mama wafanya nini humu?"

Nilizidi kukikumbatia kichwa cha Mutiso.

"Ondoka njiani," akasema. Akachukua bunduki ya yule askari, wenziwe wakamvua dereva viatu, wakarudi walikotoka.

Basi nguo ndizo zilizohukumu siku ile. Moja ilisomwa mwanamke wa watu, moja ikasomwa askari. Kalamu haikusomwa na mtu.

Sikuondoka njiani. Nilikaa na Mutiso. Mvua ilikata, nzi wakaja, nikawa nawafukuza kwa ncha ya buibui, kwake na kwa dereva, maana dereva naye alikuwa na mamake mahali. Nilisoma nilichokijua. Sikujua kama yafaa kumsomea Mkristo, nikasema Mola atapanga mwenyewe.

Jua lilikuwa linateremka waliporudi, malori matatu sasa. Afisa alishuka na kofia nyingine. Hakunitazama. Alimtazama Mutiso kwa muda, kisha akawaambia askari wawili, "Mvueni."

Wakamvua koti. Mkono uliovunjika waliuvuta kwa nguvu mpaka ukatoka. Safari hii hakupiga kelele.

Kisha mmoja akanijia, akasema, "Mama, hiyo kamera," akaichukua shingoni mwangu, akaifungua mgongo, akaivuta filamu yote nje kwenye jua. Kadzo. Ndugu yake Kadzo. Akaikunja akaitia mfukoni, akanirudishia kamera kwa mikono miwili, kwa heshima, ati.

Redioni walisema mwandishi mmoja alitoka kwenye msafara kinyume cha maagizo, akauawa na majambazi, na kwamba hali imedhibitiwa. Gazeti lake liliandika vivyo hivyo, ukurasa wa ndani, pembeni mwa tangazo la sabuni. Wao Nairobi wangejuaje? Aliyekuwa akiwaambia ndiye aliyekufa.

Mamake Mutiso alikuja kutoka Ukambani pamoja na kaka yake kuchukua maiti. Mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa kichwani, viatu kavibeba mkononi. Mama yangu alimpokea, wakakumbatiana wanawake wale wawili wasioelewana lugha, wakalia kwa sauti moja mpaka majirani wakaja. Baada ya kulia alijifuta akasema anataka kuonana na huyo aliyemchukua mwanawe. Kaka yake akamwambia serikali haiendewi hivyo. Hakumsikiliza.

Tulikwenda sote. Afisa alitupa viti, akaagiza soda. Akatueleza tena habari ya kutoka msafarani. Akasema waandishi wa siku hizi wana kiburi, hawaambiliki, na Waswahili walisema, msiba wa kujitakia hauna kilio.

Hapo mimi nikasimama. "Mwongo," nikasema. "Alitaka gari lake, mkamkatalia. Mkamtia lenu. Ukamvisha koti lako mwenyewe, kisha ukamkimbia likiwa mgongoni mwake!"

Akanitazama kwa upole wake ule ule. "Koti lipi, mama?"

Wallahi nilimtazama macho kwa macho, kisha nikakaa. Soda zilikuwa zinatoa povu.

Mamake Mutiso alikuwa hajui Kiswahili kingi, lakini alichokuwa nacho kilimtosha. Akasema polepole, "Mimi siulizi nani aliua. Aliyeua ni mwizi, mwizi hakuahidi mimi kitu. Nauliza wewe. Wewe ulisema utalinda. Mtoto akipigwa, wewe ulikuwa wapi?"

Afisa akaanza kusema juu ya hali ya usalama, juu ya uchache wa askari.

"Ulikuwa wapi?"

Akageukia dirisha. Tukakaa. Mamake Mutiso hakuuliza tena, na baada ya muda kaka yake akamshika bega wakainuka. Soda hakuna aliyeigusa. Mwaka ule afisa yule alihamishwa, wakasema amepandishwa cheo. Sijui, sikumfuatilia.

Nimekuwa bibi sasa, nina wajukuu, na jambo hili nimelipima miaka yote hii. Hakuna aliyetaka serikali izuie kila risasi. Risasi ina wazimu wake. Lakini mtu akisema mwache mwandishi aende mwenyewe, wewe ukasema hapana, atakwenda nami, basi umemchukua mtoto wa watu mkononi. Ukimchukua, usimvishe nguo zako. Ukimvisha, usimwache. Na ukimwacha, angalau usimsingizie maiti. Vitu vitatu hivi hata mlezi wa kukodi anavijua. Zama zile za chama kimoja hukuweza kuyasema haya hata sokoni, na nilipoyasema Mama alikuwa akifunga madirisha.

Nilidhani hasara ni hiyo: Mutiso, na mamake aliyerudi Ukambani na sanduku juu ya gari. Sikujua kuwa iko nyingine inakuja kwa miguu.

Ilikuwa mwaka uliofuata, asubuhi, naanika kanga kambani. Mwanamke akabisha hodi uani. Simjui, hakuwa Kadzo wala mtu wa kijiji kile, alitoka mbali zaidi, huko ndani kabisa. Miguu imevimba. Mkono mmoja umefungwa kitambaa, na harufu yake ilinifikia kabla sijamkaribisha: harufu ya nyama iliyoungua ikaanza kuoza.

"Hapa ndipo kwa Mutiso wa gazeti?" akauliza.

Mama akatoka na mkeka na kata ya maji. Mwanamke akanywa, akakaa, akanyoosha miguu. Akatueleza kuwa kwao kumechomwa, watu wakiwa ndani. Aliyewafundisha njia alisema, nendeni Malindi, ulizeni nyumba ya Mutiso, mkimwambia yeye atalisema, na likisemwa watakuja watu. Basi yeye ndiye aliyekuwa na miguu, akaja.

"Twende kwanza hospitali, mamangu," nikamwambia.

"Nitakwenda. Nimwite kwanza nimwambie."

Mama akanitazama. Ikabidi niseme mimi. "Mutiso aliuawa. Mwaka jana."

Aliiweka kata chini. "Na aliyeshika mahali pake?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

Ilikuwa kweli. Gazeti halikuleta mwandishi mwingine. Wa Mombasa walikuwa wakija Malindi kuandika habari za mahoteli na Wazungu wanaovua samaki, wakifika Sabaki wanageuza. Nani angewalaumu? Walikwisha kuona dhamana ya serikali inavyolipwa. Redio nayo asubuhi ile ile ilikuwa imesema shwari.

"Polisi je?" Mama akamwuliza.

Yule mwanamke aliutazama mkono wake uliofungwa, kisha akanitazama mimi. "Basi nitakuambia wewe."

Akaanza kutaja majina. Aliyataja polepole, la kwanza na la baba, kisha ananyamaza kidogo kabla ya linalofuata, kama mtu anayempa mwandishi muda wa kuandika. Mimi na Mama tulikaa, mikono mapajani. Sikuinuka kutafuta karatasi. Ningemwandikia nani? Alitaja watu wazima, akataja watoto, akarudi nyuma kusahihisha jina la baba wa mmoja. Alipofika mwisho akashusha pumzi.

"Umeyapata yote?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, nimeyapata yote.

Leo nakumbuka mawili tu: Karisa wa Ngumbao, na Dama, mtoto mchanga.